Matema na watoto watatu na bibi mmoja: nini cha kuogopa, nini cha kupunguza

*“Tunaishi Mbeya mjini, tuna watoto watatu: wa kwanza ana miaka 13, wa pili 8, wa mwisho mitatu na nusu. Likizo ya Juni mume wangu anataka tushuke Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, kwa siku tatu, na mama mkwe anakuja pia. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua na anatumia dawa za presha. Ratiba ya mume wangu ni hii: siku ya kwanza Ziwa Ngosi asubuhi, Daraja la Mungu na Kijungu mchana, jioni tuwe Matema. Siku ya pili ufukweni na kwenye mtumbwi. Siku ya tatu turudi kupitia maporomoko ya Kaporogwe. Majirani wamenitisha. Wapo wanaosema ziwa lina kichocho na mamba, wapo wanaosema Matema ni mchanga na mawimbi kwa hiyo kichocho hakuna, na wapo wanaosema Ngosi linavuta watu. Watoto wamewahi kuogelea baharini Dar, hawaogopi maji. Nisije nikalipia safari ya kurudi na wagonjwa. Twende, au niwapeleke tu kwenye bembea za hapa mjini?”*

Nendeni, dada yangu. Bembea zitawangoja. Ila ratiba ya shemeji naomba niikate karibu nusu, na hofu zako nizipange upya, maana mamba uliyemtaja ndiye mdogo kuliko zote, na malaria, ambayo hukuitaja hata mara moja, ndiyo ningeanza nayo kwa mtoto wa miaka mitatu na nusu aliyekulia baridi ya Mbeya. Kazi yangu ni kutembeza familia na wageni kati ya Uyole na ziwani. Familia inayorudi imenuniana mara nyingi haikuumwa na chochote. Ilipanga vivutio vinne kwa siku moja, mtoto akatapika Ntokela, bibi akashindwa kwenye tope, na ufukweni wakafika saa mbili usiku hawaoni hata maji waliyoyafuata.

Tuanze na mteremko, kwa sababu karibu kila unachouliza kinatokea hapo. Mbeya mjini mko kwenye mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kutoka Uyole barabara inapanda kwanza, inavuka mita 2,000 maeneo ya Isyonje na Ntokela, ndipo inaanza kushuka: Kiwira, Tukuyu kwenye mita kama 1,500, na mwisho tambarare ya Kyela, ambako ziwa liko chini kidogo ya mita 500. Kwa safari ya nusu siku mnashuka zaidi ya mita 1,500. Mnaondoka na masweta, mnafika mnatafuta kandambili.

Mpe yule wa miaka 8 kazi ya njiani. Ntokela anywe maji amalize, afunge chupa tupu ya plastiki kwa nguvu, akae nayo hadi Kyela. Itakuwa imebonyea yenyewe, kwa sababu hewa ya chini ina mgandamizo mkubwa kuliko ile aliyoifungia ndani huko juu. Jambo hilo hilo linatokea masikioni mwao. Kwa hiyo mdogo awe na kitu cha kutafuna au kunyonya wakati wa kushuka, na kama siku ya safari ana mafua mazito yaliyoziba pua, masikio yatamuuma kweli. Afadhali msogeze safari.

Sasa malaria. Kimelea chake kinahitaji siku kadhaa za joto kukomaa ndani ya mbu kabla mbu huyo hajaweza kumwambukiza mtu. Kwenye baridi ya juu ukomavu huo unachelewa mno, na mbu wengi wanakufa kabla ya kufika hapo. Kyela kuna joto, kuna maji yaliyotuama mashambani, na masika yake ni marefu kuliko ya kwenu, kwa hiyo Juni mbu bado wapo wa kutosha. Mtoto wa Kyela aliyepona ameshajenga kinga ya kiasi fulani. Wako hawajaumwa vya kutosha kuwa nayo, na aliye chini ya miaka mitano ndiye anayezidiwa haraka. Chandarua chenye dawa mchukue nyumbani hata kama hoteli imesema ipo, maana ya hoteli mara nyingi ina tundu pale pale kichwani. Kuanzia saa kumi na mbili jioni wavae mikono mirefu, suruali na soksi, na mpake dawa ya mbu. Usimpe mtoto dawa mseto “ya kuzuia” kabla ya safari, kama wengi wanavyofanya: zile ni dawa za kutibu, hazikai mwilini muda wa kutosha kukinga. Kama unataka dawa ya kinga, zungumza na daktari wa watoto kabla ya kuondoka. Zipo, na anayechagua ni yeye kwa uzito na umri wa mtoto.

Mama mkwe naye apite kliniki yake ya presha wiki moja kabla. Baadhi ya dawa za presha hutoa maji mwilini, na joto la Kyela nalo linatoa, kwa hiyo mtu anaweza kusimama ghafla akaona kizunguzungu. Daktari wake ajue anaenda wapi, na vidonge vizidi siku za safari.

Nije kwenye kichocho, maana hapo majirani zako wanapingana, na hakuna aliye sahihi kabisa.

Kichocho ni minyoo midogo inayoishi kwenye mishipa ya damu. Aina iliyozoeleka kwetu hutaga mayai yanayotoka kwa mkojo. Mkojo ukiingia ziwani, mayai yanaanguliwa, na mdudu anayetoka humo lazima ampate konokono fulani wa majini, la sivyo anakufa. Ndani ya konokono anazaliana, na baada ya wiki kadhaa konokono huyo anaanza kumwaga majini vijidudu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Hivi ndivyo vinavyoingia mwilini kupitia ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Havihitaji umeze maji. Na havidumu: visipompata mtu, ndani ya siku moja au mbili vimekufa.

Ukiuelewa mzunguko huo unaweza kujipimia mwenyewe sehemu ya kuingia. Tafuta pale ambapo watu hawaogi wala hawafui, mbali na matete na majani yaliyoota majini, mbali na vidimbwi vilivyotulia nyuma ya ufukwe. Vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kwa hiyo kuogelea saa moja hadi saa tatu asubuhi kunapunguza hatari, ingawa hakuiondoi. Yule jirani wa mchanga na mawimbi ana ukweli nusu. Konokono wengi wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, na kwa miaka mingi hata wataalamu waliamini fukwe wazi za Ziwa Nyasa ziko salama. Baadaye, upande wa kusini wa ziwa huko Malawi, watafiti wakakuta aina ya konokono anayeishi kwenye mchanga ule ule wa wazi na anabeba kichocho. Samaki wanaokula konokono walikuwa wamevuliwa mno, konokono wakaongezeka. Kwa hiyo usimwambie mtu “hapa hakuna”. Sema hapa ni pungufu kuliko pale.

Utaona watoto wa Matema wanashinda majini, na wanao watakuuliza mbona wale hawaumwi. Wanaumwa, wengi wao kimya kimya, na ndiyo maana shuleni hugawiwa dawa za kichocho na minyoo.

Ambaye ningemwangalia zaidi kwa kichocho ni mtoto wako mdogo, ingawa ndiye asiyejua kuogelea. Mtoto wa umri ule anakaa kitako kwenye maji ya kina cha kiganja, yenye vuguvugu, saa nzima, akichota mchanga. Ngozi yake inakutana na maji ya ukingoni kuliko kaka yake aliyeruka akatoka. Chukueni beseni kubwa kutoka nyumbani, mlijaze maji ya bomba la kisima, mliweke kivulini kwenye mchanga. Atafurahi vile vile. Mchanga wa Matema unatosha kumshughulisha hadi jioni. Na mnapoulizia chumba, ulizeni maji ya bafuni yanatoka wapi. Yakivutwa ziwani moja kwa moja na kutumika siku hiyo hiyo, kuoga bafuni ni sawa na kuoga ziwani. Yakiwa yamekaa kwenye tangi lililofunikwa siku mbili, au yamechemshwa, hayana shida hiyo. Kujikausha haraka kwa taulo kunasaidia kidogo tu, usikutegemee.

Na sasa nikupe uzito wake halisi. Kichocho kinapimika na kinatibika kwa dawa ya prazikwanteli, mara nyingi kwa dozi moja, na hakiui mtu wiki hiyo. Malaria inaweza kumzidi mtoto kwa siku mbili tatu. Kuzama majini kunachukua dakika tu.

Kwa sababu hiyo, maneno “hawaogopi maji” kwenye barua yako ndiyo yaliyonifanya nikae vizuri kwenye kiti. Walijifunza baharini, na ziwa lina tabia nyingine. Maji ya chumvi yanamwelesha mtu. Maji baridi ya ziwani yanamwachia ashuke zaidi, na mtoto aliyezoea kujilaza juu ya maji Dar atashangaa mdomo wake uko chini. Ziwa halina kupwa na kujaa kunakoonekana, kwa hiyo hakuna saa ya siku ambayo maji yanarudi nyuma na kukuonyesha mashimo. Halafu angalieni Milima ya Livingstone inavyosimama upande wa mashariki wa Matema: ule ni ukingo wa Bonde la Ufa, na mlima hauishii pale unapogusa maji, unaendelea kushuka chini yake. Ziwa Nyasa lina kina cha takribani mita 700 kwenye sehemu zake za ndani kabisa. Upande wa ufukwe mpana mchanga umeletwa na mito, kwa hiyo kina kinaongezeka taratibu. Ukisogea kwenye miamba chini ya mlima, hatua moja kiunoni, ya pili huna ardhi. Wacheze katikati ya ufukwe, mtu mzima mmoja awe ndani ya maji, yeye akiwa upande wa ziwa na watoto upande wa nchi kavu, na simu yake ikae na bibi.

Juni upepo wa kusi unasafiri juu ya maji kutoka mbali, na ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 550. Asubuhi mtaliona limelala kama kioo, mchana linapiga mawimbi ya kumwangusha mtoto wa miaka 8. Hiyo ni sababu ya pili ya kuogelea mapema. Mtumbwi wa gogo moja ningemwondolea shemeji kwenye ratiba. Unahitaji mizani ya mtu aliyezaliwa nao, na bibi wala mdogo hawana kazi humo. Kama mkubwa anatamani kwenda kwa maji, tafuteni boti ya injini, asubuhi, kuelekea Ikombe, baba na mtoto mkubwa tu, na wa miaka 8 aongezeke endapo kuna jaketi okozi la saizi yake. Kulipima ni rahisi: mfunge, kisha liinue kwa mabegani. Likipanda hadi masikioni, ni la mtu mzima, na majini litamchomoka. Kukiwa na jaketi pungufu, msiingie, hata nahodha akicheka. Kwenye miamba ya huko maji yakiwa maangavu wataona kutoka botini samaki wadogo wa buluu na manjano wakilamba mawe. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki, na nyingi kati yake hazipatikani ziwa jingine lolote duniani.

Mamba wapo. Wanapenda midomo ya mito na matete, ambako maji ni machafu na samaki ni wengi, na upande wetu mito ni mingi: Songwe, Kiwira, Mbaka, na Lufilyo ulio jirani na Matema. Msitembee na watoto hadi mto unapoingia ziwani, msiingie majini magharibi inapoingia, na mkifika ulizeni wavuvi wamemwona wapi karibuni. Wavuvi wanajua, na hawana hoteli ya kuitetea. Baada ya hapo lala usingizi.

Ngosi sasa. Ni ziwa la kreta, linatajwa kuwa la pili kwa ukubwa barani Afrika kwa maziwa ya aina hiyo, na njia yake inapita msitu mzuri mno wenye migomba pori na mbega. Lakini si kituo cha kupitia njiani. Kutoka barabara kuu kwenye eneo la Isongole mnaingia ndani, halafu mnapanda kwa miguu saa moja au mbili kwa mtu mzima, mizizi na tope, na mwishoni mnashika miti kwa mikono. Juu mko kama mita 2,600 na ukungu unaweza kulificha ziwa lote msione kitu. Mdogo atabebwa mgongoni njia nzima na bibi atabaki garini kwenye baridi. Hilo la kuvuta watu sitalicheka. Wazee wana masimulizi yao juu ya ziwa lile, na yamewafanya watu wasishuke ovyo kwenye kuta zake, jambo ambalo mimi naliunga mkono kwa sababu za kawaida kabisa: kuta ni za kusimama na utelezi haukaushwi na jua. Kuna na jambo la gesi. Eneo zima la Rungwe ni la volkano, na gesi ya ukaa inatoka ardhini sehemu nyingi, kiasi kwamba karibu na mlima Kyejo inavunwa na kuuzwa. Ni nzito kuliko hewa, inajaa kwenye mashimo na mabonde madogo, haina rangi, na imeua ndege na wanyama wadogo. Kwa hiyo kokote Rungwe watoto wasiingie shimoni wala pangoni bila mwenyeji.

Wala Ngosi haipotei. Ni karibu na nyumbani kuliko ilivyo karibu na Matema. Septemba, njia ikiwa imekauka, baba na mkubwa watoke Mbeya asubuhi na mapema na jioni wawe mezani kwako. Kijana wa miaka 13 atafurahia zaidi akienda bila kusubiri wadogo.

Daraja la Mungu libaki. Ndicho kituo pekee cha njiani ambacho bibi na mdogo wote wanaweza kukifurahia, maana gari linasogea karibu. Ni jiwe la volkano lililoganda juu ya Mto Kiwira, maji yakalila chini hadi likabaki daraja kamili, na mtoto anayesoma jiografia ya lava na miamba ataelewa kwa dakika tano kuliko alichokariri. Liko eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo jitambulisheni getini, mpewe mwenyeji, mpige picha daraja na muache majengo. Kijungu kiko huko huko: mto wote unabanwa, unaingia kwenye chungu cha mwamba na kutoweka chini yake. Kinavutia na kinanitisha. Mwamba wa ukingoni umesuguliwa na maji hadi umekuwa laini, na unyevu wa mvuke hauishi. Kama mtaenda, wa miaka 8 ashikwe kifundo cha mkono, mdogo abaki na bibi darajani. Mkiona mvua imenyesha, acheni.

Kaporogwe ni maporomoko ya mita kama 25 yenye pango nyuma ya maji. Mazuri, ila yako mbali na lami na njia ya kushukia ina utelezi. Siku ya kurudi kila mtu amechoka. Yaacheni.

Basi siku zenu ziwe hivi. Ningependa mwondoke Ijumaa, na sababu nitaisema. Tokeni saa mbili asubuhi, ukungu wa Ntokela ukianza kuinuka. Malori ya Malawi yanatumia barabara hiyo hiyo hadi Kasumulu, kwa hiyo msipite usiku, na kwenye miteremko shemeji atumie gia ndogo badala ya kukanyaga breki muda wote hadi zinuke. Isongole kina mama wanauza viazi na karoti barabarani. Nunueni siku ya kurudi, si ya kwenda, la sivyo mtazunguka nazo kwenye joto. Daraja la Mungu kabla ya chakula, Tukuyu mle ndizi, kisha mshuke. Kikusya mnaiacha barabara ya Kyela mjini na kukunja kwenda Ipinda hadi Matema. Mkifika saa tisa au kumi, bado mna mwanga wa kutosha kuwaonyesha watoto wapi wataingia na wapi hawataingia. Kama hamna gari, kosta za Kyela zinatoka stendi ya Nane Nane, lakini kwa bibi mwenye magoti na mtoto wa miaka mitatu ningejibana nikakodi Noah.

Siku ya pili msifanye chochote zaidi ya ufukwe na soko. Alfajiri wavuvi wanarudi na dagaa waliovuliwa usiku kwa taa, na mkiamka mapema wanao watawaona wakianikwa. Wakiogelea hadi saa tatu, watoke, waoge, wale. Jumamosi hiyo ndiyo sababu ya kuondoka Ijumaa: Lyulilo, pua na mdomo na Matema, kuna soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe wanavifinyanga kwa mkono na kuvileta kwa mitumbwi. Hapa mpeni bibi uongozi. Mama mkwe wako anajua chungu kuliko sisi sote: atakiinua kwenye mwanga, atakigonga kwa kifundo cha kidole, na kikitoa mlio mkavu uliokufa atakirudisha, kina ufa. Mwombeni afundishe wajukuu kugonga. Chungu kizuri cha Kikisi kina ukuta mwembamba ajabu na ni chepesi kuliko unavyotegemea. Kifungwe kwa nyasi kikae miguuni mwa mtu garini, kisiwekwe buti.

Mchana joto likikaza, lala. Na chakula cha jioni agizeni mapema mchana. Hoteli nyingi za ufukweni zinaanza kumtafuta samaki ukishaagiza, na watoto wenye njaa saa mbili usiku ndio wanaochafua likizo. Kukiwa na mbasa au magege, kwa wali wa Kyela, hamtahitaji kitu kingine. Kwa chumba, ulizieni cha chini kisicho na ngazi, na kiti chenye mgongo, kwa sababu mchanga unamchosha mwenye magoti kuliko lami na mkeka haumfai.

Jumapili amkeni, mwingie majini mara ya mwisho, muondoke saa nne.

Kuna hali ambazo zingenifanya nikwambie usubiri. Kama wiki ya safari mvua kubwa zinaendelea kunyesha Rungwe, mito inaleta tope, maji ya ukingoni yanakuwa ya kahawia na huoni kilichomo. Sogezeni hadi Septemba, ziwa hutulia zaidi. Na kama mwishowe moyo wako haukubali maji kabisa, pandisheni badala ya kushuka: Hifadhi ya Kitulo kati ya Desemba na Aprili inafunikwa na maua, haina malaria ya kukusumbua, ila baridi yake itamtesa bibi. Kwa Juni, Matema inamfaa zaidi.

Mkiwa huko, mtoto akipata homa au akimeza maji na kukohoa bila kuacha, kuna hospitali ya KKKT hapo hapo Matema. Msianze kukimbilia Mbeya usiku. Aliyenusurika kuzama aonwe hata akionekana mzima, kwa sababu mapafu yanaweza kumsumbua saa chache baadaye. Mkisharudi, homa yoyote kuanzia kama siku ya saba hadi mwezi mmoja apimwe malaria siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kwamba mlikuwa Kyela, maana Mbeya mjini anaweza asiiwazie kwanza. Upele unaowasha siku moja au mbili baada ya ziwa, au homa na kikohozi wiki kadhaa baadaye, vinaweza kuwa kichocho kinaingia. Damu kwenye mkojo huja baadaye zaidi. Hata wasipoonyesha dalili, wote walioingia majini wapimwe Septemba: kabla ya hapo minyoo haijakomaa, kipimo kinaweza kisione kitu na dawa inaweza isiue yote. Mdogo asipewe prazikwanteli ya kununua dukani. Kwa umri wake dozi anapanga daktari, baada ya kumpima uzito.